Lebo Ikae Ndani

Jikoni kwa Bi Sahihisha, kwenye msumari ambao watu wengine wangetundika chujio, zilining'inia gasketi tatu zilizoungua. Kila moja alikuwa ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu mahali ilipoungulia, kama alivyozungushia makosa ya watoto wa watu kwa miaka thelathini na minane. Pembeni ya duara aliandika tarehe. Kwenye ya pili na ya tatu aliongeza neno moja: "Tena."

Kwa faida ya wale ambao magari yao huwa hayaharibiki, yaani wasio na magari, gasketi ya hedi ni bamba jembamba lenye matundu mengi, linalolazwa kati ya mwili wa injini na kichwa chake ambacho mafundi hukiita hedi. Maji, oili na moto vinaishi nyumba moja humo ndani, na kazi ya gasketi ni kuhakikisha havitembeleani. Ikiungua, vinatembeleana. Gari linatoa moshi mweupe nyuma, linachemka mbele, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenye gari naye huchemka, ila yeye hakuwekewa gasketi.

Jina la Bi Sahihisha alipewa na mtaa, na mtaa haukukosea. Alisahihisha kibao cha muuza nyama. Alisahihisha kadi za harusi, akazirudisha pamoja na mchango ili wahusika wajue hakuwa na ubaya nao. Inasemekana hata barua za mapenzi alizoandikiwa usichanani alizisahihisha akawarudishia wenyewe, na ndiyo sababu hakuolewa. Mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba hakumwona aliyefikisha alama za kufaulu.

Alichokuwa nacho badala ya mume ni gari. Alilinunua kwa mshahara wake, akiwa mwalimu wa Kiingereza wa darasa la nne, miaka ambayo walimu wenzake wanaume walikuja shuleni kwa baiskeli wakavua pini za suruali mlangoni. Lilikuwa gari dogo la milango minne, pua ndefu, taa za mviringo zilizokaa kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Shule nzima ililiita Mkaguzi, kwa sababu likisikika getini hata mkuu wa shule alikaa sawa. Lilimtii miaka arobaini na ushei. Kwa Bi Sahihisha, hakuna binadamu aliyewahi kumtii hata nusu ya hapo.

Halafu fundi wake wa zamani akafariki, na ndani ya mwaka mmoja gasketi tatu zikaungua.

Mtoto wa kaka yake, aliyehamia kwake "kwa muda" miaka sita iliyopita, alikuwa na dawa ya tatizo hilo. "Shangazi, liuze kama chuma chakavu. Ukitaka kwenda mahali, mimi nitakuitia teksi." Alisema hivyo akila, kwa sababu mambo mengi aliyoyasema aliyasema akila. Siku moja akaleta na mnunua vyuma, mtu mwenye mkokoteni na mizani, ambaye alilizunguka Mkaguzi mara mbili akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti. Bi Sahihisha alitaka kumgonga yeye. Lakini alikuwa na miaka sabini na mmoja, na gari lililokuwa limekufa uani, na hoja hakuwa nayo. Wakakubaliana hivi: litafungwa gasketi moja ya mwisho. Likichemka tena, Jumatatu mkokoteni uje.

"Jumatatu," mtoto wa kaka yake akasema, na akamwambia mnunua vyuma aje mapema.

Fundi aliyerithi gari lile aliitwa Fundi Top. Gereji yake ilikuwa mtaa wa nyuma, banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa oili na benchi la kukalia wateja, na juu ya mlango alikuwa na kibao kikubwa kuliko mlango wenyewe: GEREJI YA TOP. TUNAFUNGA TOP TU. Bi Sahihisha alipokisoma mara ya kwanza alisonya. Alijua Waingereza hulitumia neno hilo wakitaka kusema mtu ni bora, akaona huyu naye kajipa sifa kabla hajapewa. Majivuno hayo! Lakini tahajia ilikuwa sahihi, na hilo tu ndilo lililomfanya aingie.

Kusema haki, fundi mwenyewe hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mpole, mikono mipana, na akiigusa injini unadhani anampima mtoto homa. Kila gasketi ilipoungua aliomba radhi, akailaumu hali ya hewa, akalaumu mafuta, akalaumu milima, japo mji mzima ulikuwa tambarare kama meza. Kisha akarudia kazi bila kuomba chochote. Mtu mwongo, Bi Sahihisha alijua namna ya kumshughulikia. Huyu hakuwa mwongo, na hilo lilimkera zaidi.

Jioni ya makubaliano yale alizishusha gasketi zote tatu msumarini akazipanga juu ya meza. Alizitazama kama alivyokuwa akitazama karatasi za mtihani za watoto wanaokaa dawati moja. Duara la kwanza lilikuwa nyuma, kati ya silinda ya tatu na ya nne. La pili, nyuma, kati ya tatu na nne. La tatu hali kadhalika. Mtoto akikosea mara moja, kapitiwa. Akikosea mara mbili, hakusoma. Lakini akikosea mara tatu pale pale, kwa namna ile ile, na kwa mwandiko mzuri, basi huyo kuna mtu amemfundisha hivyo.

"Asiyejua maana haambiwi maana," akajisemea, methali aliyoipenda kuliko zote kwa sababu siku zote ilikuwa inawahusu wengine. Akazitia gasketi kwenye mfuko wa turubai. Kesho yake, Ijumaa, akamchukua Fundi Top wakaenda pamoja dukani, kwa kuwa sasa alikuwa na hakika kwamba fundi huyo anauziwa gasketi zisizo za gari lile.

Muuza spea alikuwa na tumbo lililofika kaunta kabla yake na kalamu ya wino mzito nyuma ya sikio. Alipomwona fundi alicheka. Alipomwona aliyefuatana naye, aliacha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tunataka gasketi ya hedi ya gari langu, na safari hii nitachagua mimi."

"Ya Top," fundi akaongeza kwa upole.

Muuza spea akaingia stoo, akachakura, akatoka na tatu, akazilaza juu ya kaunta kwa heshima zote. Ya kwanza ilikuwa ya shaba, imekatwa kwa mkono. "Hii haiungui hata ukienda nayo jehanamu," akasema. Fundi Top akaiinua, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akairudisha.

"Haina Top."

Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, ina harufu ya kiwanda, na katikati imeandikwa TOP kwa herufi nyeusi nene. Ya tatu ilikuwa ndani ya karatasi ya kaki iliyolowa mafuta, imekaa pale tangu duka likiwa la baba yake muuza spea, na neno lile lile lilikuwa limegongwa ndani ya bati kwa herufi ndogo. Fundi Top akazitazama hizo mbili kwa furaha ya mtu aliyeambiwa achague kati ya mabinti wawili wa nyumba moja.

Bi Sahihisha hakuwa na furaha ya namna hiyo. Alitoa gasketi yake iliyoungua nafuu kuliko zote, akailaza juu ya ile ya shaba, akafuata tundu kwa tundu kwa ncha ya kalamu. Matundu mawili ya maji hayakuwepo. Bila shaka haiungui, alifikiri. Hata mwiko hauungui, lakini haufungwi kwenye injini. Akahamia ile inayong'aa. Maduara ya silinda yalikuwa madogo, ukingo wake ungeingia katikati ya moto. Hiyo ilikuwa ya mdogo wake Mkaguzi, gari la miaka ya baadaye. Kisha akalitazama lile neno jeusi. Akalamba kidole, akasugua. T ikatoka yote, O ikabaki nusu.

Muuza spea akaichomoa kalamu nyuma ya sikio akaitia mfukoni, kana kwamba hapo ndipo ushahidi ungepotea.

"Umeandika wewe?"

"Mwalimu, wateja wana mapenzi yao. Huyu ndugu yangu bila Top hanunui. Sasa mimi nifanyeje, nimfukuze?"

"Na hiyo P umeianzia chini. P huanzia juu."

Fundi Top alikuwa ameduwaa. Alimtazama muuza spea kama mtu anayeambiwa kwamba maji ya chupa alikuwa akijaziwa bombani. "Bandia?" akauliza. "Ulikuwa unaniuzia Top bandia?"

Ikabaki ile ya karatasi ya kaki. Bi Sahihisha akailaza chini ya ile yake ya zamani, na zikalingana tundu kwa tundu, kona kwa kona, mpaka mwanga ukapita kote. Ilikuwa yenyewe; hata karatasi ilikuwa na chapa ya kiwanda kilichounda Mkaguzi. Muuza spea akaapa hakuna nyingine mji mzima, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kusema kweli. Hapo mtu mwingine angelipa akaondoka anacheka. Bi Sahihisha alilipa, lakini njia nzima alikuwa akipiga hesabu. Kama gasketi hii ndiyo sahihi, na zile tatu zilikuwa pacha wake, basi kosa halikuwa dukani. Lilikuwa kwenye kufunga. Akaamua hatakwenda nyumbani kusubiri kama mgonjwa. Atasimama pale pale juu ya injini, aone kwa macho yake, na akiliona kosa atalitaja mbele za watu kwa sauti ya kufika darasa la jirani. Alikuwa amengoja mwaka mzima, na hotuba alikuwa nayo tayari, ikiwemo sehemu ya kibao.

Benchi la wateja lilikuwa na watu watatu: dereva wa teksi, kinyozi, na mama muuza vitambaa ambaye pikipiki yake ilikuwa imelala chini kwa vipande. Walimwamkia Bi Sahihisha wote kwa pamoja, wakanyoosha migongo. Mkaguzi lilikuwa limesukumwa hadi hapo jana yake, bonet juu, injini wazi. Hedi ilikuwa imetoka kwa mchonga vyuma, imesawazishwa mpaka inameta. Fundi Top akapangusa uso wa injini kwa kitambaa kisafi, mara tatu, akapuliza kila tundu la boliti. Akaifungua gasketi kwenye karatasi yake. Akalitafuta lile neno, akalipata, akatabasamu, na akailaza gasketi juu ya injini, neno likiangalia chini.

"Mbona umelifunika jina?" Bi Sahihisha akauliza.

"Lebo ikae ndani, Mwalimu." Alisema bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni mahali pa kuvulia viatu. "Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu. Shati unalivaa lebo nje? Jina la kampuni linakaa ndani, ndiyo ustaarabu."

Bi Sahihisha akakitazama kibao. Akaitazama gasketi. Akakitazama kibao tena. Jina la kampuni! Miaka yote ile mtu huyu alikuwa akidhani Top ni kampuni. Alikuwa akizitafuta gasketi za kampuni ya Top duka kwa duka, akiziheshimu, akazigharimia kibao, na akizifunga miguu juu kichwa chini. Kwenye magari mapya hakukuwa na madhara, gasketi nyingi zina matundu ya pini na hazikubali kukaa upande usio wao. Lakini injini ya Mkaguzi ilitengenezwa na watu walioamini kwamba fundi anajua kusoma.

Furaha aliyoisikia, haifai kuandikwa. Akavuta pumzi.

"Wewe," akasema, na sauti ikafika mpaka barabarani, "hebu niambie. Ulisomea wapi?"

Benchi zima likageuka. Kinyozi akaweka chai chini.

Fundi Top akainua kichwa na kucheka, kicheko cha mtu aliyengoja kuulizwa hilo siku nyingi. "Kwako, Mwalimu! Darasa la nne B. Umenisahau? Nilikuwa nakaa nyuma, dirishani."

"Na Kiingereza sikukufundisha?"

"Kiingereza kilikuwa Jumanne na Alhamisi, kipindi cha kwanza," fundi akasema. "Mimi kipindi hicho ulikuwa unanituma nikaoshe gari. Ulisema, 'Wewe una mikono mizuri, hawa wengine watalikwaruza.' Mwaka mzima, Mwalimu. Gari lenyewe ni hili hili." Akaliwekea kiganja ubavuni, pale pale mnunua vyuma alipoligonga. "Siku moja ukaniruhusu nifungue bonet nipanguse vumbi. Nikaiona injini. Nikasema basi, kazi yangu nimeiona. Mimi mkate wangu wote umeanzia hapa. Siku zote nilitaka kukushukuru, nikawa naona haya."

Bi Sahihisha aliutafuta uso wake kama alivyotafuta makosa kwenye karatasi, mstari kwa mstari, aone pa kejeli, pa lawama, hata chembe. Hakuona. Mtu alikuwa anamshukuru kweli. Na sasa akamkumbuka: mtoto mwembamba, ndoo kubwa kuliko yeye, akipita nje ya dirisha na kitambaa begani, wakati ndani wenzake thelathini na tisa wanaimba kwa pamoja *top*, *bottom*, *left*, *right*. Mkaguzi mwaka ule lilimeta kuliko gari la afisa elimu. Alisifiwa sana kwa hilo.

Ile hotuba ilikuwa bado mdomoni, imepangwa vizuri, na ikageuka chungu. Aliona aibu. Hakuwa na mazoezi nayo, kwa hiyo ilimpata vibaya.

"Vipi, Mwalimu?" dereva wa teksi akauliza kutoka benchini, kwa hamu ya mtu aliyelipia tiketi. "Kuna kosa?"

"Lipo," Bi Sahihisha akasema. "Geuza hiyo gasketi."

"Lebo itakuwa nje," fundi akasema.

"Iwe nje. Kosa ni la mwalimu. Kuna kipindi hakufundisha."

Benchi likalipuka kwa kicheko. Bi Sahihisha amekosea! Mama muuza vitambaa akataka tarehe iandikwe mahali, kinyozi akasema atanyoa watu bure kwa furaha, na hakunyoa. Bi Sahihisha akawaacha wacheke. Walikuwa wanamcheka yeye, na kwa siku ile aliona ndivyo inavyostahili.

Fundi Top akaigeuza. Ikakaa. Na pale nyuma, kati ya silinda ya tatu na ya nne, tundu moja la maji ambalo lilikuwa limezibwa likafunguka. Fundi akalitazama. Akaingiza kidole cha mwisho, kikapita gasketi, kikashuka hadi ndani ya injini, kikatoka kimelowa. Alikuwa fundi mzuri, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Lilikuwa limezibwa," akasema polepole. "Zote tatu." Kisha akamsogelea, akashusha sauti ili benchi lisisikie. "Mwalimu. Hilo neno."

"Juu," Bi Sahihisha akanong'ona. "Maana yake juu. Upande huo uangalie juu."

"Si kampuni?"

"Si kampuni."

Uso ulimbadilika rangi, na kwa mara ya kwanza ile mikono mipana ilionekana haina pa kukaa. "Miaka ishirini na sita," akasema. Akakiangalia kibao chake kama mtu aliyegundua kwamba ametembea mjini zipu wazi. "Na kibao je?"

"Kibao hakina kosa," Bi Sahihisha akasema. "Si kiko juu?"

Fundi akamtazama, akaona hachekwi, ndipo akacheka mwenyewe. Akarudi kwenye injini. Akalaza hedi, akaanza kukaza boliti kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, duru tatu. Kufikia alasiri Mkaguzi liliunguruma pale bandani, na watu watano wakausimamia mshale wa joto kama ndugu wanaosimamia kitanda. Ulipanda mpaka nusu, ukakaa. Wakangoja robo saa. Ulikuwa bado umekaa.

Jumatatu mnunua vyuma alikuja mapema, kama alivyoagizwa. Mtoto wa kaka yake alitoka na kikombe mkononi, akakuta uani hakuna gari. Shangazi yake alikuwa amekwenda sokoni nalo. Aliporudi alimkuta yule mtu bado yuko getini, akamwambia mizani yake ina kosa, inavuta upande wa mwenye nayo, na akamwonyesha lilipo.

Siku hizi, Jumanne na Alhamisi asubuhi, gereji ya Top hufunguliwa saa nne. Kabla ya hapo fundi yuko kwa Bi Sahihisha, mezani, na daftari jipya lenye mistari. Kwenye ule msumari wa jikoni hakuna kitu. Yeye mwenyewe Bi Sahihisha yupo uani na ndoo, sketi ameikunja, analiosha Mkaguzi kuanzia taa hadi magurudumu, na dirisha liko wazi ili amsikie mwanafunzi akisoma kwa sauti.

Alhamisi iliyopita usomaji ulikatika katikati ya sentensi. Bi Sahihisha akadhani amekwama kwenye neno, akangoja aulizwe.

"Samahani, Mwalimu," sauti ikasema dirishani. "Hicho kitambaa kina mchanga. Utalikwaruza."

Bi Sahihisha akakigeuza kitambaa, akakitazama. Kweli kilikuwa na mchanga. Akaenda bombani kukisuuza.